Mto wa Bwana Fungo

Paukwa!

"Pakawa!"

Mbona mnaitikia kama watu waliolala njaa? Sogeeni, moto huu haumng'ati mtu. Paukwa!

"Pakawa!"

Haya, sasa nimewasikia.

Hapo zamani za kale, zamani zile ambazo mnyama alipiga hodi na akakaribishwa uji, alikuwapo mwanamke mmoja jina lake Mwanamvua. Alikaa katika kijiji cha bondeni, penye mikindu mingi na ukungu mzito. Ukungu ule ulikuwa unaingia mpaka jikoni na kuota moto pamoja na wenyeji. Mwanamvua alikuwa msuka mikeka. Mume hakuwa naye, mama yake alikuwa amekufa, na duniani alibaki na binti yake mmoja tu, Mboni, mtoto wa maswali toka anaamka mpaka usingizi unamkuta mkono ukiwa kwenye sahani.

Mchana mmoja, jua limesimama utosini, akasikia mlangoni, "Hodi! Hodi! Hodi!"

"Karibu!"

Akaingia Fungo. Mnamjua Fungo, yule mnyama wa madoadoa, anayenukia kabla hujamwona. Siku hiyo alivaa kanzu iliyopigwa pasi, na mkononi alishika kikapu kizuri chenye kifuniko.

"Bi Mwanamvua, naona macho yako yamechoka."

"Ni huu ukili, Bwana Fungo. Kusuka kutwa nzima si mchezo."

"Basi nimekuletea mto. Ulaze kichwa mchana, utamwona umpendaye."

"Mimi sina cha kukupa, bwana."

Fungo akacheka mpaka masharubu yakatikisika. "Nani kakuomba kitu? Uulalie bure, uote bure, ufurahi bure, mpaka mwezi uandame. Ukiupenda, kaa nao. Usipoupenda, niletee kabla mwezi haujaonekana, tumemalizana."

Akaaga. Alipokwisha kuvuka kizingiti akaongeza, kwa sauti ndogo kama ya mtu anayejikuna, "Na mwezi ukiandama, mto utajilipa wenyewe." Mwanamvua aliyasikia maneno hayo, lakini yale manukato yalikuwa yamemlevya, yakapita kama yalivyokuja.

Akalala. Mto ukaanza kupumua chini ya shavu lake, taratibu, na kuta za nyumba zikalainika na kuondoka. Akajikuta amekaa kwenye nyasi ndefu za rangi ya maziwa, na nyuma yake yuko mama yake, mama yake hasa, anamsuka nywele. Vidole ni vilevile, na ule mtindo wake wa kuvuta sana karibu na sikio ni uleule. Samaki walikuwa wanapita angani bila haraka, wala hakuna aliyeshangaa.

"Tulia, mwanangu," akasema mama. "Bado kidogo."

Mwanamvua akaamka mashavu yamelowa, na moyo wake umejaa furaha. Kesho yake akalala tena. Na kesho kutwa tena. Mkeka ulikaa pembeni haujamalizwa, na Mboni alicheza peke yake uani, akiyauliza maswali yake majani.

Siku moja alipoamka akamkuta mtoto amelala sakafuni, njaa imemchosha kungoja. Uchungu ukamshika. "La," akasema, "huu mto unarudi kwa mwenyewe."

Ungerudi siku ileile, na mimi ningekuwa nimeshakwenda kulala. Lakini mnaijua adabu ya bonde lile. Mtu akikuletea kitu chomboni, humrudishii chombo kitupu, ni aibu, watakusema mpaka wajukuu zako. Mto ulikuja ndani ya kikapu. Mwanamvua akafungua mtungi wa unga wa mchele, mtupu. Mpunga nao ulikuwa bado unaanikwa. Akajiambia, nitangoja mpunga ukauke, nitwange, nipike vitumbua, nimpelekee Bwana Fungo kikapu chake kwa heshima. Na wakati akingoja, mto si ulikuwa pale pale? Akaulalia.

Jioni moja watoto wakapiga kelele uwanjani, "Mwezi! Mwezi! Mwezi umeandama!"

Mchana uliofuata akaamka, akataka kutia ukili rangi nyekundu. Akasimama mbele ya sufuria hajui aanze wapi. Mzizi gani? Unachemshwaje? Kichwani palikuwa peupe. Akapuuza. Mchana mwingine akaamka, akachukua ndoo, na njia ya kisimani ikampotea, mpaka watu wakamshika mkono. Akacheka nao. Mchana mwingine tena akaamka, akamwona mtoto amesimama mlangoni na shada la maua, akafungua mdomo amwite, na jina halikuwapo.

"Wewe," akasema. "Njoo, wewe."

"Wewe nani, mama?" akauliza mtoto. "Niite."

Mwanamvua akatafuta ulimini, akatafuta kifuani. Hakuna. Mtoto akaliangusha lile shada.

"Mboni! Mimi Mboni!" akalia.

"Mboni," akarudia mama yake, na kabla hajavuta pumzi nyingine jina likamponyoka kama sabuni. Jirani yake, Bi Rehani, akaja akamwambia tena na tena. Wapi! Hapo ndipo maneno ya kizingitini yalipomrudia: mto utajilipa wenyewe.

Akaazima unga kwa Bi Rehani, akapika vitumbua, akatia mto kikapuni na vitumbua juu yake, akapanda kilima cha Fungo huku ukungu umemfika magotini.

Kwenye lango kubwa alikuwapo Kobe. "Umekuja kuchukua mto?"

"Nimekuja kuurudisha."

"Aa! Wanaochukua hupita hapa. Wanaorudisha huzunguka nyuma."

Akazunguka. Nyuma palikuwa na mlango mdogo, na juu yake Kasuku. "Karibu sana! Tunakuthamini sana! Subiri hapo hapo!"

"Nimekuja kurudisha mto."

"Karibu sana! Tunakuthamini sana! Subiri hapo hapo!"

Akasubiri. Ukungu ukawa unapita, na ndani yake samaki, mmoja mmoja. Mto ulipumua ndani ya kikapu mapajani mwake, una joto, na sauti ya mama yake ikasema, "Tulia, mwanangu." Kichwa kikaanza kuinama. Kikainama, kikainama, mpaka akakumbuka uso wa yule mtoto mlangoni. Akasimama kwa kishindo, akampita Kasuku, akaona tundu ukutani, akaingia kwa kutambaa.

Fungo alikuwa amekaa anachana masharubu. "Ah, dada yangu! Unatuacha? Una hakika? Mama yako hutamwona tena."

Machozi yakamlenga Mwanamvua. "Nina hakika."

"Una hakika? Nikuongezee mwezi mwingine, bure kabisa?"

"Nina hakika."

Fungo akafunua kikapu, akaona vitumbua, akatabasamu. "Una hakika kweli? Mbona umeniletea kikapu kina kitu ndani? Hapa kwangu, kikapu kikija na kitu, aliyekileta anaendelea na mto. Mimi nilijua. Watu wa bonde lenu mna adabu sana."

Mwanamvua akamwangalia. Akaelewa kwa nini mto haukuletwa mkononi. Uso ukamwaka moto, kwa maana toka azaliwe hakuwahi kumfanyia mtu jambo alilokusudia kulifanya sasa. Akautoa mto akautupa miguuni pa Fungo. Akavimwaga vitumbua vyote kwenye upindo wa kanga yake, akakishika kikapu kichwachini miguu juu, akakikung'uta mbele ya ile kanzu mpaka vumbi la unga likamwingia Fungo puani.

"Kitupu!" akasema. "Nakurudishia kitupu! Nenda kamtangazie umtakaye kwamba Mwanamvua hana adabu!"

Fungo akapiga chafya. Mto ukaacha kupumua.

"Kilichokwisha kuliwa hakirudi," akasema Fungo, amenuna.

Mwanamvua akashuka kilima analia kwa sauti, kwa sababu mama alikuwa amemfia mara ya pili. Nyumbani alimkuta mtoto kizingitini, amempa mgongo. Akapiga magoti chini.

"Mwanangu, jina lako limenipotea. Nisamehe, uniambie."

"Nimeshakuambia."

"Niambie tena."

Mtoto akageuka, akasema pole pole, "Mboni."

Mwanamvua akafumba macho akingoja liponyoke. Akavuta pumzi, akavuta nyingine, akavuta nyingine. Lilikuwa bado lipo.

"Mboni," akaita.

"Abee, mama."

"Mboni!"

"Abee!"

Akaliita wakila vile vitumbua, akaliita wakienda kisimani, akaliita mpaka Bi Rehani akachungulia uani kuuliza kuna nini. Hata mtoto akachoka.

"Mama, si nimeshaitika? Unataka nini?"

"Sitaki kitu," akasema Mwanamvua. "Nakuita tu."

Basi hapo ndipo hadithi yangu ilipokoma, nami nimekoma nayo.