Fahali Mgeni wa Lubwe

"Fahali mgeni huingia kwa kunuswa." Mmeisikia leo kwa mwenyekiti, mkacheka, mkaniuliza ng'ombe wamehusikaje na mambo ya umeme. Kaeni. Chanzo chake ni hiki.

Hapo nyuma, umeme wa Lubwe ulikuwa wa mtu mmoja. Mzee Ambokile alitega mtambo kwenye maporomoko, akasimamisha nguzo, akakiwashia taa kijiji kilichozoea koroboi. Kwa shukrani, kamati ya kijiji ikaweka amri: bei itapangwa na kamati, na muuzaji ni Ambokile peke yake. Siku ile amri ilikuwa ya haki. Lakini shukrani nayo huzeeka. Mfereji wa mtambo ulijaa tope, na kila jioni taa zikawa nyekundu kama macho ya mgonjwa. Mzee akiambiwa, hujibu kwamba asiyeutaka mwanga wake arudie koroboi.

Aliyeumia zaidi ni Tusekile, mtunzaji wa tangi la kupozea maziwa ya wanawake wa kijiji. Umeme ukilegea, tangi halipoi. Asubuhi dereva wa lori la maziwa hunusa, hutikisa kichwa, hugeuza gari. Tusekile huyamwaga mtaroni huku wenyewe wakimtazama. Mwishowe dereva akamwonya: yakichacha tena, lori halipandi tena mlima huu.

Ng'ambo ya bonde, Ngambi mpasua mbao alikuwa na mtambo wake, na umeme ulimbakia. Alitaka kuuza, amri ikamzuia. Tusekile akaomba mkutano.

Watu wakagawanyika. Vijana wakataka amri ifutwe papo hapo, kila mtu anunue anakotaka. Wazee wakauliza, wauzaji wakigombania nguzo na kijiji kikabaki gizani, nani atajibu? Ambokile akasimama, akakung'uta koti.

"Fahali wawili hawakai zizi moja," akasema, akaketi kama mtu aliyekwisha kufunga mlango.

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Tusekile akaliona moyoni lori likiteremka mlima lisirudi tena. Ndipo akakumbuka ng'ombe wa mzee mwenyewe.

"Baba Ambokile, uliponunua yule fahali mwekundu, yule wa zamani ulimchinja?"

"Nimchinje kwa kosa gani?"

"Basi wanakaaje?"

Mzee alikuwa mfugaji kabla ya kuwa mwenye umeme, na mfugaji hasemi uongo juu ya ng'ombe wake. "Mgeni nilimfunga nje ya uzio," akajibu polepole. "Wakanusana. Kisha nikawachunga malisho mamoja. Walipozoeana, nikamwingiza."

"Na ungemwingiza siku ya kwanza?"

"Ningezika mmoja."

"Nasi twaomba hivyo hivyo, baba. Tuanze kwa kunusa."

Mkutano ukaangua kicheko. Wa kwanza kucheka alikuwa mke wa Ambokile. Wakakubaliana: kwanza tangi la maziwa na mashine za kusaga ndizo zichague muuzaji. Mambo yakitulia, maduka yafuate, na nyumba ziwe mwisho. Nguzo zibaki za Ambokile, Ngambi alipie kuzitumia. Na kamati isiondoke. Yenyewe ndiyo uzio.

Tusekile akahamia kwa Ngambi. Maziwa yakalala baridi. Dereva akanusa, akafunika, akapakia. Mashine za kusaga zikamfuata. Ambokile akanuna, lakini kinyongo hakizungushi mtambo. Asubuhi moja wakamkuta mferejini na wanawe, suruali imekunjwa magotini, wanazoa tope. Zamu ya maduka ilipofika, taa zake zilikuwa nyeupe pe. Na nyumba ziliporuhusiwa kuchagua, wauzaji wote wawili walipita mlango kwa mlango wakibembeleza, jambo ambalo Lubwe haikuwahi kuliona.

Kwa Tusekile, Ambokile alifika mwenyewe, kofia mkononi.

"Binti yangu, hebu ninuse tena."

Tusekile alicheka hadi akaegemea tangi. Taa za nyumbani akamrudishia mzee. Tangi akaliacha kwa Ngambi. Na lile lori lililotishia kutopanda, sasa hupanda na mwenzake nyuma, maana lori moja haliyatoshi maziwa ya Lubwe.

Tangu hapo, anayetaka mshindani afungiwe nje milele, na anayetaka aingie kwa kishindo, wote wawili hapa hujibiwa neno moja: fahali mgeni huingia kwa kunuswa.