Kifumulio Ndani ya Gauni la Mwanaidi

Siku gauni la Mwanaidi lilipotaka kuharibika, barazani walikuwapo watu watano. Inafaa watajwe kwa majina kamili, maana jina nusu ni ushahidi nusu.

Alikuwapo Bwana Mbaruku Sefu Kazembe wa Tabora, mwenye nyumba na mwenye baraza, aliyejifunika blanketi juani kwa sababu ya maradhi ya kifua. Alikuwapo dada yake, Bi. Chausiku Sefu Kazembe, mwenye ulimi usiohitaji kunolewa. Alikuwapo Bi. Zena binti Mrisho Feruzi, fundi cherehani. Alikuwapo Yohana Kabeke Lugusha, fundi pia. Yohana lilikuwa jina la kanisani, Kabeke lilikuwa la watu. Na alikuwapo Nyamizi binti Kalunde, naye fundi, ingawa wenzake hawakuweza kumwita hivyo bila kucheka kwanza.

Mwanaidi binti Mbaruku mwenyewe alikuwa ndani akisingwa mwili kwa liwa. Harusi ilikuwa jioni ile ile.

Sasa sikilizeni vipawa vyao, kwani hukumu itavihitaji.

Bi. Zena alikuwa na kiganja. Akikipitisha juu ya kitambaa, alijua ni cha namna gani, kimefuliwa au hakijafuliwa, na kama uzi wa ndani umevutwa. Macho yake yalikuwa ya kawaida. Kiganja chake kilikuwa kinaona.

Kabeke alikuwa na mshono wa mkono. Sindano ikishikwa na yeye, ilipita na kurudi bila kuacha nyayo. Mteja aliweza kulitazama pindo lake asubuhi mpaka jioni na asione lilipoanzia.

Nyamizi alikuwa na ufumuaji. Alijua kufungua mshono uliokosewa, uzi mmoja mmoja, na kukiacha kitambaa kama ambacho hakijawahi kushonwa. Kwa kazi hiyo alitumia kifumulio, kile kijichuma chenye meno mawili: moja refu lenye ncha, moja fupi lenye kishanga chekundu, na kati yao makali ya kukata uzi. Mpini wake aliuzungushia uzi mweusi kwa sababu ulikuwa umepasuka.

Barazani pale kulikuwa na desturi moja ya kijinga, na haipo huko peke yake. Kifumulio kilikuwa aibu. Fundi aliyeonekana nacho na mteja alihesabiwa kuwa fundi wa kukosea. Kwa hiyo Bi. Zena hakuwa nacho, na Kabeke hakuwa nacho, na wote wawili walikitumia kila siku.

“Nyamizi, nipe ile,” Kabeke angesema, akitazama barabarani kama anayeuliza habari za mvua.

“Ipi, kaka?”

“Ile. Usinitaabishe.”

Akishapewa, angekitazama kwenye mwanga, angekipangusa kwenye suruali, angejaribu makali yake kwenye ukucha kwa upole ambao mkewe hakuujua. Kikimchoma kidole, angekitukana mpaka wanaopita wasimame. Kikimwokoa, angekirudisha bila ya asante. Bi. Zena naye alikiita “kidudu,” na akikaa nusu siku bila kukiona alikosa raha, akainua kila kipande cha kitambaa mezani huku akiapa kwamba hatafuti kitu.

Nyamizi aliwatazama wote wawili na kuwadharau kimoyomoyo. Alikaa pembeni, kwenye cherehani iliyo mbali na mlango, ambako wateja hufika wakiwa wameshachukuliwa na wengine. Kazi yake nyingi ilikuwa kufumua makosa ya wenzake, na makosa hayo hayakuwa na mwenyewe.

Basi Bwana Mbaruku alipoona kifua hakimpi nafasi, aliwaita wote watatu.

“Mimi siponi,” alisema. “Baraza hii haiwezi kukaa bila mkubwa. Nitamkabidhi mmoja wenu. Atakalia cherehani ya mlangoni, na yeye ndiye atakayesema nani abaki na nani aondoke. Gauni la binti yangu liko mikononi mwenu. Atakayelifikisha salama ndiye nitakayemkabidhi.”

Kabeke hakungoja hata mzee arudi kitandani. “Siku nikikaa mlangoni,” alimwambia Bi. Zena, kwa sauti ya kusikika, “hapa watabaki washonaji. Kufumua si kazi. Hata panya anafumua.”

Bi. Zena alicheka. Nyamizi hakuwa na baraza nyingine ya kuweka cherehani yake, na wote walilijua hilo.

Gauni lilikuwa la satini nyeupe yenye bitana. Mnaojua satini mnajua tabia yake: haisamehe. Sindano ikipita pasipo pake, tundu linabaki. Makali yakiteleza, hakuna wa kulificha kovu.

Siku ya kuamkia harusi, Bi. Zena aligundua kwamba ameiweka bitana ya kifuani nje ndani. Akaazima kifumulio. Alikuwa bado anacho mkononi alipomwona Bi. Chausiku anapanda ngazi. Kwa kuogopa kuonekana, akakisukuma kati ya satini na bitana, akakunja mikono, akatabasamu. Hilo ndilo kosa la kwanza.

Bi. Chausiku alipoondoka, Bi. Zena aliitengeneza bitana haraka haraka, kifumulio akakisahau mle mle, akampa Kabeke gauni alifunge kiunoni. Kabeke aliona uzito haukukaa sawa. Lakini kukagua kazi ya mwanamke, kwake, kulikuwa ni kujishusha. Akafunga. Mshono wake ulikuwa mzuri sana, na ulifunga kila kitu. Hilo ndilo kosa la pili.

Na Nyamizi? Nyamizi aliuona mkono wa Bi. Zena ukiingia na kifumulio na kutoka mtupu. Neno lilimfika ulimini. Akaikumbuka ile ya panya, akalimeza. Acha waumbuke, alisema moyoni. Hilo ndilo kosa la tatu, na msiliweke nyuma ya mengine kwa sababu lilifanywa kimya.

Asubuhi ya harusi Bi. Chausiku alikuja kusimamia upigaji pasi. Mkaa ulikuwa mwekundu. Bi. Zena aliinua pasi, na kama ilivyo kawaida yake akapitisha kiganja kwanza.

Kiganja kikasimama.

“Vipi?” aliuliza Bi. Chausiku. “Limekuuma?”

“Hapana, Bi. mkubwa.”

“Mbona umekuwa kama uliyeshika kaburi? Piga pasi, watu wanaoga huko ndani.”

Bi. Zena aliiweka pasi chini, mbali. Alijua ni nini kilichokuwa chini ya kiganja chake, na alijua kwamba pasi ikipita tu, ile ncha itatokeza upande wa pili, katikati ya kifua cha bibi harusi. Angeweza kunyamaza na kumsingizia Kabeke. Hakunyamaza.

“Ndani kuna kifumulio,” alisema.

Bi. Chausiku alimtazama, akamtazama Kabeke, akamrudia Bi. Zena. “Ndani ya gauni la Mwanaidi? Mnashona au mnaficha hirizi?”

“Nitaleta wembe,” alisema Kabeke. “Mara moja tu.”

“Wembe kwenye satini? Kanyolee ndevu zako! Fumueni kwa kifumulio kama watu.”

Hapo ndipo aibu ilipokuja kudai haki yake. Bi. Zena hakuwa na kifumulio. Alikuwa ameapa hivyo miaka yote. Kabeke naye hivyo hivyo. Kilichokuwapo barazani kilikuwa kimoja, nacho kilikuwa kimelala ndani ya gauni.

“Ajabu hii,” alisema Bi. Chausiku. “Ufunguo mmeufungia sandukuni.”

Nyamizi alisimama. Yeye peke yake alijua tangu jana. “Nileteeni hapa kwenye mwanga,” alisema. “Na asiniguse mtu.”

Alilitandaza gauni juu ya shuka safi, bitana juu. Akakipapasa kifumulio chake kupitia kitambaa, akautambua mpini kwa zile nyuzi alizouzungushia, akaushika kwa vidole viwili akiwa nje nao ukiwa ndani. Kisha akakigeuza polepole, kile kishanga chekundu kikae upande wa satini, maana kishanga hakichomi, na ile ncha ndefu ielekee kwenye bitana, ambayo jeraha lake halionekani na wageni.

“Anafanya nini?” alinong'ona Bi. Chausiku.

“Anakitembeza,” alisema Bi. Zena.

Alikitembeza kweli, kama mtu anayemwongoza kipofu kwa kumshika mabega. Kilifika kwenye mshono wa kiunoni. Akakiingiza kati ya mapindo mawili, akasukuma. Uzi ukakatika kutoka ndani. Akasukuma tena. Jasho lilimfika kidevuni, akageuza uso lisidondoke. Mara ile ncha ndefu ikatokeza nje, kisha kishanga chekundu, na nyuma yake kikafuata chote, kwa mlango kiliojifungulia chenyewe.

Satini haikuwa na alama.

“Haya,” alisema Bi. Chausiku. “Na hilo pengo?”

Sasa ilikuwa zamu ya Kabeke. Matundu ya sindano yalikuwa yamebaki kwenye satini, madogo, yamepangana. Mtu mwingine angepitisha mshono mpya kando ya ule wa zamani, na kiuno kingekuwa na safu mbili kama njia ya siafu. Kabeke alichukua sindano nyembamba, akainama, akairudisha katika tundu lile lile, kisha lile la pili, na lile la tatu, hakuongeza hata moja. Hakusema neno la kejeli. Alipokata uzi kwa meno, Bi. Chausiku alilitafuta lile pengo kwa macho na kwa kidole, akalikosa.

Mwanaidi aliolewa jioni ile akiwa amelivaa. Wanawake walilisifu gauni, wakamsifu aliyelinunua.

Siku iliyofuata mafundi walimwendea Bwana Mbaruku kitandani.

“Mzee,” alisema Bi. Zena, “pasi ingepita, lingebaki nini cha kufumua? Nini cha kushona? Kiganja changu ndicho kilicholinda gauni.”

“Kiganja chako ndicho kilichokitia humo,” alisema Kabeke.

“Na sindano yako ndiyo iliyokifungia! Ulisikia uzito ukanyamaza, bwana mkubwa wewe.”

“Nilishona nilichopewa. Mzee, gauni lenye pengo kiunoni si gauni, ni tambara. Bibi harusi angetoka nalo vipi? Mimi ndiye niliyelifikisha.”

Bwana Mbaruku alikohoa kwa muda. “Nyamizi, wewe huna mdomo?”

“Ninao, baba,” alisema Nyamizi. “Hawa walijua tatizo, wakasimama kama milingoti. Mimi ndiye niliyelitoa. Nikikosa mlango, Kabeke atanitoa barazani, na siku wakikosea tena watafumua kwa meno.”

“Naye alijua!” alisema Bi. Zena. “Muulize, mzee. Nilimwona ananitazama ile juzi. Alijua kipo mle.”

Mzee alimgeukia. “Ulijua?”

Nyamizi angeweza kukana. Hakukuwa na shahidi wa kilichokuwa moyoni mwake. “Nilijua,” alisema.

“Kwa nini hukusema?”

“Walisema hata panya anafumua. Nikataka waone.”

Bwana Mbaruku akafumba macho, na walidhani amelala. Kisha akasema, “Watatu mmelitia gauni shimoni, watatu mmelitoa. Hakuna hata mmoja wenu ambaye ningemkopesha mwamvuli. Lakini baraza lazima iwe na mkubwa. Nitasema Ijumaa, baada ya sala.”

Wakatoka, na kila mmoja akaketi kwenye cherehani yake ya zamani. Ile ya mlangoni haikukaliwa. Kifumulio kilikuwa juu ya meza ya Nyamizi, wazi, mbele ya wateja. Kabla ya adhuhuri Kabeke alishakiazima.

Haya, nyinyi mliosikiliza. Yuko aliyeona, yuko aliyefungua, yuko aliyefunga. Yuko aliyeficha, yuko aliyefungia, yuko aliyenyamaza. Cherehani ya mlangoni ni moja, na atakayeikalia ndiye atakayeamua kama Nyamizi binti Kalunde ana mahali pa kukaa. Nani mngemkalisha hapo? Semeni, na kila mmoja atoe sababu yake. Msimngojee mwenye baraza awaamulie.

Bwana Mbaruku Sefu Kazembe alifariki Alhamisi.