Kwa Nini Mpita Njia wa Lwanji Huweka Jiwe

Kale hiyo, njia ya Lwanji ilipokuwa tupu kama kiganja, Waswila waliishi pande zake zote mbili bila kuacha alama. Ndivyo walivyolelewa. Nyumba zao zilikuwa za nyasi. Walipohama waliziteketeza, wakarudisha mafiga mtoni, wakafagia hata nyayo zao ili ardhi ipumzike. Walikuwa na sheria za kugawana maji, na waliunga mifupa iliyovunjika. Mtu aliyeacha kitu nyuma yake walisema hakufunzwa na mamaye.

Mwaka mmoja mfalme wa ng'ambo ya mto, aliyekaa ndani ya kuta za mawe, alimtuma mjumbe na kamba ndefu. Kila alipokuta watu, mjumbe alipiga fundo. Waswila waliposikia anakuja walimfanyia kama walivyomfanyia kila mgeni wa heshima: walifagia bonde zima na kufukia majivu.

Mjumbe alitazama huku na huku. "Mnakaa hapa tangu lini?"

"Tangu mababu," akajibu Mbuke, mama mtu mzima aliyesimamia ufagiaji ule.

"Wameacha nini?"

"Hawakuacha hata jivu, bwana," akasema kwa fahari.

Mjumbe akacheka, akaikunja kamba bila kupiga fundo.

Mpagazi wake mmoja alibaki nyuma, akijifanya anakaza mzigo. "Mama, hameni," akanong'ona. "Pasipo na fundo ni pori, na pori huwindwa. Jirani zenu Walela hawakuwa na ukuta. Nimewaona wakinaswa kwa nyavu kama kanga. Siku ya tatu askari watafika hapa."

Mbuke aligeuka kukitazama kibanda cha nyasi nyuma yake. Binti yake Kabula alikuwa amejifungua jana yake na damu ilikuwa haijakatika. Asingefika hata mtoni. Kuhama kulikuwa kumwacha.

Akashuka mtoni, akaokota jiwe, akaliweka kando ya njia. Maishani mwake hakuwahi kuacha kitu juu ya ardhi. Akarudi kuchukua la pili.

Shemeji yake, Shigela, alimkuta akitota jasho. "Ala, shemeji! Umeolewa na mchwa siku hizi? Unajenga kichuguu?"

Mbuke akamweleza habari za nyavu. Shigela akaacha kucheka.

"Mababu watatulaani," akasema.

"Watulaani tukiwa hai. Beba."

Wakabeba, wazee kwa watoto, wengine wakilia kwa aibu. Hakuna aliyejua ukuta hujengwaje, kwa hiyo walirundika tu.

Siku ya tatu, jua la utosini, vumbi lilionekana. Askari walikuja na nyavu mabegani, wakiongozwa na jemadari ambaye hakuwahi kufika Lwanji. Waswila walisimama nyuma ya lundo. Kutoka kwenye kibanda cha Kabula mtoto alianza kulia, na kila askari aligeuza kichwa upande ule.

Jemadari alilizunguka lundo, akaligonga kwa mkuki. "Mjumbe alilewa nini hata asilione hili?" Kisha akauliza, "Nani amezikwa chini yake?"

Mbuke alitaka kutaja mfalme fulani, jina lolote. Neno moja tu lilitoka.

"Sisi."

Jemadari alirudi nyuma hatua mbili. Aliyatazama mawe muda mrefu. Watu waliosimama mbele yake hakuwatazama.

"Kumbe palikuwa na watu," akasema. Akaamuru nyavu zikunjwe.

Na tangu siku hiyo hakuna apitaye Lwanji bila kuweka jiwe, awe na mzigo kichwani au mtoto mgongoni. Lundo sasa limepita urefu wa nyumba. Mtoto akiuliza chini yake pana nini, mama yake hutupa macho kwanza ng'ambo ya mto.

"Weka," humwambia. "Utauliza tukishapita."