Gitaa Matangani

Mwaka ule ukame ulikaza hata vyura wakasahau kuogelea. Mbugani kilibaki kisima kimoja tu, nacho kilikuwa cha Simba. Simba alikuwa amefiwa na mama yake, na mila ya pale ilisema kisima cha mfiwa hufungwa mpaka matanga yaanuliwe, na matanga hayaanuliwi mpaka mfiwa alie. Simba hakulia. Alijiona mkubwa mno kwa machozi, akakaa kifua mbele huku raia wake wakikauka makoo.

Mwisho akatangaza: atakayemliza kwa gitaa atakabidhiwa kisima, awe wa kwanza kunywa maisha yake yote. Wakajitokeza wawili, Sungura na Fisi.

Sungura alicheka hadi mbavu zikamuuma. Nani hakuvijua vidole vyake? Hata hivyo, mjanja haachi mambo yajiendee. Fisi alipoweka gitaa lake chini akafuata harufu ya mzoga, Sungura alizitafuna nyuzi zote, akabakiza mmoja. Gitaa lisilo na uzi lingeahirisha mashindano. Lenye uzi mmoja lingechekesha.

Siku ilipowadia, Sungura akaanza. Alicharaza mpaka vidole havikuonekana. Akalipiga gitaa mgongoni, akalipiga kwa meno. Nyani walipiga vigelegele, Swala wakasahau kiu. Sungura akaona kichwa cha Simba kinatikisika, akajua keshashinda, akaongeza kasi. Kisha mguu wa Simba ukaanza kudunda. Mkia nao ukafuata. Kabla wimbo haujaisha, Simba alikuwa katikati ya uwanja anakata kiuno, kwenye matanga ya mama yake mzazi.

Ghafla akakumbuka alipo. Simba akarudi kitini, ameinamisha uso kwa aibu.

"Umenichezesha kwenye msiba wangu," alisema.

"Lakini Bwana Mkubwa, hukuviona vidole?"

"Vidole niliviona. Mama sikumwona."

Fisi akaitwa. Alipolitazama gitaa lake, nusura alie yeye. Wanyama waliangua kicheko, Sungura kuwashinda wote. Fisi hakuwa na la kufanya. Akaugusa uzi ule mmoja, polepole, akaimba jinsi marehemu alivyokuwa akimwekea mfupa kila baada ya mlo, wenye uboho ndani, na jinsi tangu afe hakuna aliyemkumbuka. Tuseme kweli, Fisi hakumlilia bibi kizee, aliulilia mfupa. Ila aliulilia kwa moyo wake wote.

"Na mimi aliniwekea," Simba alisema taratibu. "Nilipokuwa mdogo, kabla ndugu zangu hawajaamka."

Akalia kwa kwikwi, mbele ya watu wake wote, na hakuona haya.

Matanga yakaanuliwa, Fisi akakabidhiwa kisima. Hapo ungedhani Sungura atanyamaza. Lakini kushindwa na Fisi kulimchoma kuliko kiu.

"Huo ndio muziki?" alifoka. "Uzi mmoja? Ningejua, ningeutafuna na huo!"

Masikio yote yakamgeukia. Simba akafuta machozi, akamwachia mlinzi mpya wa kisima atoe hukumu.

"Mimi sina kinyongo," Fisi akasema. "Atakunywa, ila baada yangu, nikishashiba."

Na nani aliwahi kumwona Fisi ameshiba?

Mbio za sakafuni huishia ukingoni.