Waliobaki na Mfereji

Mwanamke mmoja, jina lake Nakijwa, alikuwa na mume aliyejua kusema na maji. Mume huyo ni Mbonea, na ukoo wake ndio ulioshika mfereji wa mlima ule tangu enzi za mababu. Mfereji ulianzia juu kabisa, kwenye banio, ule ukuta wa mawe na udongo unaouchepusha mto uje mashambani. Hapo kwenye banio mwanamke hakanyagi. Achote maji huku chini, afue huku chini, anyweshee maharage yake huku chini. Kule juu ni kwa wanaume na mbuzi wao wa tambiko. Ilisemwa kwamba mkono wa mwanamke ukigusa jiwe moja tu la banio, mto utaona aibu urudi tumboni mwa mlima.

Ikaja vita ile kubwa, ile iliyowazoa vijana wetu ikawapeleka hadi Burma. Si kwamba mzinga ulilia pale mlimani, la. Hakuna aliyesikia hata bunduki. Vita ilikuja kwa njia yake. Kwanza iliondoa chumvi dukani, halafu ikaondoa kaniki, watu wakavaa magunia yakiwawasha mabegani. Kisha ikachukua ng'ombe, eti askari wanataka nyama. Mwisho ikachukua wanaume. Wenye kifua kipana walipewa bunduki, Mbonea akiwa mmoja wao. Waliobaki wakashushwa tambarare kukata mkonge, kwa kuwa vita ilitaka na kamba pia. Mlima ukabaki na wanawake, watoto na wazee wa kukohoa.

Mwaka uliofuata masika yalipiga kwa hasira, na banio likaenda na maji. Jua liliporudi, mfereji ukawa njia ya mijusi. Maharage ndiyo kwanza yanatoa ua. Nakijwa alisimama shambani kwake, akalishika ua moja, likapukutika mkononi. Akajua kwamba wasipopata maji, mwanawe Nangasu na watoto wengine hawatauona mwaka mwingine.

Akaenda kwa mzee Kiondo, mlinzi wa tambiko, ambaye miguu ilikuwa imemwishia. Akapiga magoti mlangoni kama ilivyo desturi, akasema, "Baba, tupe ruhusa tukaweke mawe."

"Mtaukausha mto nyie!" mzee aling'aka.

"Kwetu ushakauka, baba. Utakauka mara ngapi?"

Mzee aligeuza uso ukutani, na Nakijwa akaona kwamba huko kugeuka si kukataza.

Wakapanda wanawake wa mlima wote, wengine watoto mgongoni, wengine wakigeuka nyuma kwa hofu. Jirani yake Namsemba, mwanamke asiyejua kunyamaza, akasema, "Mimi sina wasiwasi. Mto ukiniona na gunia hili utadhani mahindi yanapita." Wakacheka, na kicheko kikawaingiza majini. Wakapanga mawe kukatisha mto moja kwa moja, kama mtu anavyoziba mlango wa zizi. Walikuwa hawajamaliza kufuta jasho mto ulipousukuma ukuta ule ukaenda nao. Wakashuka. Kijijini midomo ilikuwa imeshawasubiri: si tulisema?

Jioni hiyo Nakijwa alikaa jikoni asipike. Alikuwa akisikiliza. Kwa miaka mingi Mbonea na wenzake walikuwa wakinywa dengelua, pombe ile ya miwa, uani kwake, na yeye ndiye aliyewajazia vibuyu. Walijisifia ufundi wao mbele yake kama mtu anavyosema mbele ya chungu. Hakuna aliyefikiri kwamba chungu kinasikia. Sasa akawaita mmoja mmoja, na sauti zikaja. Hii ya mumewe, nzito: "Usiukate mto kifuani, utakupiga. Ushike bega, uuongoze polepole kama ng'ombe mkaidi." Hii ya shemeji yake aliyekuwa na kigugumizi: "Ji-jiwe kubwa lilale. Likisimama linajidai, li-litaanguka." Na hii ya yule mcheshi aliyezoea kuomba aongezwe kibuyu: "Acheni tundu, jamani, na wa bondeni wanakunywa." Wengine wenye sauti hizo walikuwa wameshalala katika udongo wa Burma. Lakini walikuja wote, wakakaa naye jikoni mpaka kila neno likapata mahali pake.

Wanawake wakapanda tena. Safari hii waliujenga ukuta kimshazari, ukianzia juu kidogo ukishuka kuukumbatia mto begani. Mawe makubwa wakayalaza. Nyufa wakazijaza majani ya migomba na udongo wa mfinyanzi, udongo wanaoujua vizuri wao wanaofinyanga vyungu. Wakaacha na tundu la wa bondeni. Kisha wakasimama kando kutazama.

Maji yakaja. Yalikuja taratibu, yakisukuma majani makavu mbele yake, yakatia shaka kidogo kwenye kona, halafu yakashika njia. Namsemba alipiga kigelegele mpaka sauti ikakatika, na wenzake wakakipokea mlima mzima.

Tangu siku hiyo zamu za maji ziligawanywa na wanawake. Baragumu la kuita watu mferejini likapulizwa na Nakijwa, na hakuna mbuzi aliyezaa jiwe. Watoto walikula. Maharage mengine yaliteremshwa kwa wakata mkonge, mengine yakachukuliwa na serikali kwa chakula cha askari. Wanawake wale walitembea na magunia yao mwilini kama watu waliovaa hariri.

Vita ikaisha. Wanaume wakarudi, si wote. Mbonea alirudi na mguu mmoja usiokunjika, koti la jeshi, na sauti ya kuamrisha. Kabla hajafika nyumbani aliuona mfereji. Yeye na wenzake wakajitupa ukingoni, wakanywa, wakanawa, wakanywa tena. "Maji ya kwetu," alisema, na macho yakamlowa. Ndipo mtu akamwambia ni mikono ya nani iliyoyaleta. Mbonea alisimama, akajifuta mdomo.

Kulipokucha alikusanya wenzake, wakashika majembe na mbuzi, wakapanda kwenye banio. Walitaka kuubomoa ukuta wa wanawake waujenge upya kwa desturi, mizimu isije ikakasirika. Nakijwa akawafuata. Hakukimbia wala hakupiga kelele. Alipofika alisimama mbele ya ukuta wake, maji yakimpita kwenye vifundo vya miguu, akamtazama mumewe usoni.

"Bomoa, baba Nangasu. Ila atakayebomoa aanze kwa kuyatapika aliyokunywa jana."

Mmoja wao alicheka, kisha akauziba mdomo wake. Mbonea alinyanyua jembe. Akautazama ukuta atafute pa kuanzia. Aliona jinsi ulivyoushika mto begani. Aliona mawe makubwa yamelala, na tundu la wa bondeni likitiririka. Akasikia sauti yake mwenyewe mle ukutani, na ya nduguye mwenye kigugumizi ambaye yeye mwenyewe alimzika mbali na nyumbani. Na aliona kitu kingine ambacho yeye hakuwahi kukifanya: ule mfinyanzi kwenye nyufa, umeshika kama mfupa, haupitishi hata tone.

Akaweka jembe chini. Akaingia majini na mguu wake ule mbovu, akaokota jiwe, akalikumbatia kifuani huku wenzake wakimtazama. Kwenye kona moja ukuta ulikuwa umemomonyoka kidogo, lakini hakujiamulia kulipeleka jiwe huko. Alimgeukia mkewe, na ile sauti ya kuamrisha ilikuwa imemtoka.

"Hili niliweke wapi?"

Nakijwa akamwonyesha.

Na ninyi mliokwenda mbali mkarudi mkakuta nyumba ingali imesimama, je, mmeshauliza jiwe lenu liwekwe wapi, au bado mmeshika jembe?