Mwatime na Masomo Yaliyowahi

Palikuwa na Sultani aliyetaka elimu ipange foleni. Jina lake Sultani Haidari, na mji wake uliitwa Kisikiti. Alivaa kilemba kizito hata shingo haigeuki, na maneno yake yalikuwa hivyo hivyo, yakishatoka hayageuki.

Hapo Kisikiti palikuwa na vyuo viwili. Chuo cha chini, walikosoma vijana wote, na chuo cha juu, walikotoka matabibu baada ya miaka mitatu. Mkuu wa chuo cha juu alikuwa Mwalimu Nasibu, mtu mpole wa miwani, naye alikuwa na utaratibu wake. Kijana hodari wa chuo cha chini aje alasiri, akae na wakubwa, asome wanayosoma. Akifaulu mitihani yao, masomo hayo yatahesabiwa siku atakapohamia juu.

Vijana walikuja wengi. Habari za mifupa peke yake ziliwafukuza nusu yao, na habari za matumbo zikamalizia waliobaki. Hakusalia ila Mwatime, binti wa msusi wa mikeka. Asubuhi yuko chini, alasiri yuko juu, jioni anachana ukindu na mama yake huku anataja mifupa kwa sauti, mpaka mama naye akazoea. Mgongo ukimuuma hasemi mgongo, anataja pingili yenyewe.

Lakini haraka ile haikuwa ya kujionyesha, jamani. Mama macho yalikuwa yanafifia. "Mwanangu," alimwambia, "macho haya yamebakiwa na miaka miwili ya kusukia. Huo wa tatu sikuahidi."

Basi Mwatime akakazana, akafaulu masomo yote ya mwaka wa kwanza angali chuo cha chini. Habari zikawafikia wakubwa wa mji, wakaenda kwa Sultani mbio mbio. "Binti wa msusi avae joho la utabibu kabla ya wanetu? Tutaficha wapi nyuso?"

Sultani akaita baraza. Mwatime akaletwa, na Mwalimu Nasibu nyuma yake. Kando ya Sultani alikaa mkewe, Bibi Salha, anatafuna tambuu taratibu. Huyo ndiye mtu pekee pale mjini ambaye akikohoa, Sultani hupunguza sauti.

"Wewe ndiye uliyesoma ya juu ukiwa chini?" Sultani akauliza.

"Ndimi, Bwana."

"Nani alikuruhusu?"

"Mwalimu Nasibu."

Mwalimu Nasibu akavua miwani akaanza kuifuta, na wala haikuwa na vumbi.

"Masomo hayo hayahesabiwi," Sultani akasema. "Ukiingia juu utaanza upya, kama mtu asiyejua kitu."

"Sawa, Bwana. Na huko kutojua kunafundishwa wapi, nikajiandikishe?"

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajifanya anakohoa.

"Unanichezea, binti?"

"Nitathubutu wapi, Bwana! Nauliza nisije nikakosea. Mwalimu akitaka kujua mbavu za mtu ni ngapi, nijibu au ningoje mwaka?"

"Ungoje!"

"Na akiletwa mgonjwa amevunjika ubavu?"

"Naye angoje!"

Sasa wazee wa baraza waliinama wote, mabega yanatikisika. Mwatime akaendelea.

"Bwana, mwanao mdogo alitembea kabla hajaota meno. Yalipoota, mlimrudisha kutambaa?"

Bibi Salha akacheka waziwazi. Hapo ndipo Sultani alipopandwa na hasira. Mwatime akamtazama, akaona huyu hageuki kwa hoja. Ukimvuta huku, anavutia kule. Basi akaacha kuvuta, akaanza kumsukuma kule kule anakokwenda.

"Nasema, na iwe sheria!" Sultani akanguruma. "Alilofanya mtu kabla ya kumaliza chuo cha chini, si kitu! Halihesabiwi! Ni kama halikufanyika!"

"Masomo tu, Bwana, au jambo lolote?"

"Lolote!"

"Kwa sisi maskini tu?"

"Kwa kila mtu! Sheria yangu haichagui uso."

"Hata wewe mwenyewe, Bwana?"

"Hata mimi!" Akapiga mkono wa kiti. "Mpiga mbiu! Katangaze mji mzima!"

Mpiga mbiu akainua baragumu.

"Subiri kidogo, kaka," Mwatime akamwambia. Kisha kwa Sultani: "Bwana, naomba watu watoke kwanza. Nina neno la faragha."

"Sema hapa hapa! Mimi sina faragha."

"Haya, Bwana, umesema wewe. Siku ya harusi yako ulikuwa na ndevu tele, na ulikuwa bado uko chuo cha chini. Wazee hawa ndio waliokuja kukutoa darasani wakakuvisha joho la bwana harusi. Na darasani hukurudi tena mpaka leo."

Wazee wakatazama dari. Mpiga mbiu akashusha baragumu polepole, kama mtu anayeweka chini yai. Bibi Salha akaacha kutafuna.

"Haidari," akaita. Hakusema Sultani, hakusema Bwana. "Mimi mkeo, nahesabiwa au sihesabiwi?"

Jasho likamtiririka Sultani mpaka kidevuni. Mwisho akainama upande wa Mwatime, akanong'ona:

"Binti, wewe si umesoma? Nifanye nini hapa?"

"Dawa ya hapo inafundishwa mwaka wa pili, Bwana," Mwatime akasema. "Na mimi umenirudisha wa kwanza."