Fisi na Kitambaa cha Kidawa

"Paukwa!"

"Pakawa, mama!"

"Kaondokea nani?"

"Tuambie wewe!"

Kaondokea Mama Nguchiro, mwenye watoto watatu, Mashavu, Sumni na Kidawa, na mikono miwili tu. Siku hiyo alikuwa anachemsha kitambaa cha Kidawa, bwata-bwata-bwata. Kidawa alikuwa na vidonda puani na mdomoni, vile vinavyoganda rangi ya asali na kurukia mtoto kwa mtoto. Akijikuna hapa, kinaota pale. Basi kitambaa chake peke yake, mkeka wake peke yake.

Mara Chiriku akatua. "Shoga! Fisi anakuja! Anamtaka Mashavu, eti amenona!"

Mama Nguchiro akamvuta Mashavu nyuma yake. Lakini kuficha mtoto hakufukuzi fisi. Akaanua kitambaa kingine, kisafi, kikavu, akangoja.

Puku, puku, puku.

"Hodi! Nimefuata kitoweo changu."

"Karibu, shemeji. Kwetu mgeni hali bila kunawa."

Fisi akanawa. Akajifuta mikono, akajifuta pua, akajifuta mdomo.

"Lo! Shemeji, pole, nimekupa kitambaa cha Kidawa! Hebu mtazame."

Fisi akamtazama. "Vinaambukiza?"

"Kwa kitambaa? Sana!"

Pua ikamwasha Fisi. Kwaru! Mdomo ukamwasha. Kwaru-kwaru!

"Umeanza," akasema Mama Nguchiro. "Ukijikuna vinaenea. Vikienea mdomo unaganda, haufunguki hata kwa mfupa."

"Hata kwa mfupa? Yarabi! Dawa yake?"

"Zahanati, ng'ambo ya mto. Na usimguse mtoto wa mtu mpaka vikauke."

Fisi huyoo! Tifu-tifu-tifu, mdomo juu, asiguse hata jani.

Mama Nguchiro akashusha pumzi. "Alhamdulillahi. Ahsante, Chiriku. Ahsanteni hata nyie vidonda, ila kesho mwondoke."

Akasonga ugali, akapakua na dagaa. Chiriku akamegewa tonge la kwanza. Kidawa akawekewa sahani yake.

"Mashavu?"

"Nipo!"

"Sumni?"

"Nipo, mama!"

"Kidawa?"

"Nipo, sijikuni!"

"Kuleni."

Funzo, wanangu: mwenye akili hahitaji meno, na mgeni hanyimwi kitambaa.

Ngano yangu naianika hapa. Mwenye kucheka acheke, mwenye kuwashwa akanawe.